Siku ya Kamba

Tarehe tisa Mei mama hafui.
Maji anayo, ndoo tatu, na sabuni ya mche,
jua la Kayole limesimama uani kama mdai,
na shuka za wajukuu zinanuka maziwa.
Ukimuuliza, atasema, "Leo mikono haitaki tu."
Kisha anafungua kamba za kuanikia,
anazikunja, anaziweka juu ya kabati,
na ua unabaki mtupu hadi kesho.

Si uvivu. Ilikuwa sikukuu.

Shauri Moyo, mwaka wa pili wa bendera,
mvua ya masika ilikesha siku nne,
na mto ambao mchana hata kuku aliuvuka
usiku ukawapandia watu bila hodi.
Zipora Kavengi, dobi wa nyumba namba arobaini,
akazikata kamba zake zote kwa kisu cha mboga,
akaunga fundo kwa fundo na watoto wakimsaidia,
mwisho mmoja akamfunga Ondiege mpiga tarumbeta,
kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzito.

Watu kumi na tisa walivutwa usiku ule,
na mbuzi, na cherehani
ambayo mwenyewe alikataa kuiachia.
Wa ishirini alikuwa mtoto. Fundo lilifunguka.
Hilo halikusemwa jukwaani.

Jukwaani tulisema mengine.
Kila mwaka kamba zilishushwa mtaa mzima,
hata nepi zilingoja.
Pilau ya michango, tarumbeta ya Ondiege, mavumbi,
na mchezo wa kuvutana: wa mtoni dhidi ya wa barabarani.
Wa mtoni lazima washinde. Wakilegea,
wa barabarani walijiangusha wenyewe, kwa heshima.
Nami, wa darasa la tatu, nikasimamishwa juu ya meza kughani:

*Kamba ya kuanikia, leo haianikiwi,*
*Mtoni tulipolia, kilio hakisikiwi,*
*Zipora katurushia, fundo halifunguliwi,*
*Deni lililosalia, kwa fedha halilipiwi.*

Watu walipiga makofi. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji.

Hakuna aliyeifuta siku ile.
Mwaka mmoja mvua iligoma, na mafuriko
ni vigumu kuyakumbuka ukiwa na kiu.
Zikaja kamba za plastiki, zinazoteleza, zisizoshika fundo.
Ondiege akafa; tarumbeta ikaonekana Gikomba
ikiuzwa pamoja na masufuria.
Wapangaji wapya wakauliza kwa nini nguo zao
zishushwe kwa ajili ya mto walioujua kwa harufu tu.
Kisha tukaambiwa tuombe kibali.

Karani akaisoma barua: "Siku ya Kamba."
Akavua miwani. "Mikutano ya kikabila hairuhusiwi."
Kamba, mheshimiwa, tukamweleza. Ya nguo. Ya kuanikia.
"Na huyo dobi, alikuwa kabila gani?"
Na sisi, kwa ujinga wa kupenda ukweli, tukamjibu.
Alicheka hadi akakohoa:
"Kumbe mmekuja hapa kunifunga kamba!"

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Yetu ilikatikia penye muhuri.

Mwaka uliofuata tulikutana watu watatu,
na mmoja alikuwa amekuja kudai pesa zake za sufuria.
Tukasimama kidogo. Upande wa pili wa njia
mwanamke alikuwa akianika blanketi jekundu,
akaturushia salamu kupitia vibanio mdomoni.
Hatukuwa na la kumwambia.

Leo nimemsaidia mama kukunja.
Kamba zake ni za katani, anaziagiza kwa mtu,
zimeungwa sehemu saba.
Kila penye fundo anasimama,
analivuta mara moja, analivuta tena,
kisha ndipo anaendelea.
"Mama," nikasema, "usiku ule ulikuwa na miaka mingapi?"
"Tisa."
"Nawe ulifunga?"
Akalivuta la saba. Likashika.
Akasema shuka zinanuka,
kesho niamke mapema nizifue.